Bahasha ya Kumi na Mbili

Jumamosi nyumba ya akina Sanyal ilikuwa kama haina mlango. Mlango ulikuwapo, wa mbao nzito za msaji wenye komeo la shaba, ila ikishagonga saa kumi alasiri hakuna aliyekumbuka kuurudishia. Watu walijaa barazani, wakafurikia ukumbini, wakakalia ngazi mpaka ya juu kabisa: waliokaribishwa, waliojikaribisha, na wale walioshuka kwenye tramu wakasikia kelele wakaja kuona kuna nini. Haimanti alikulia ndani ya kelele hiyo. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, anafundisha fizikia katika chuo cha wasichana, na bado hesabu zilimwendea vizuri zaidi mtu akiwa pembeni anabishana juu ya mpira, au serikali, au binti wa fulani aliyeonekana na mtoto wa fulani.

Mwenye nyumba hasa alikuwa Pishima, dada wa marehemu baba yake. Mjane tangu ana miaka kumi na tisa, sari nyeupe, meno manne, na sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto Hooghly. Pishima ndiye aliyekuwa akifungua bahasha.

Bahasha zenyewe zilikuwa za kazi ya Haimanti na mchumba wake, Subimal Lahiri, na watu wa barazani waliijua kazi hiyo kuliko walivyojua ya kwao. Haimanti aliwahi kuwaeleza siku moja, bisi za mchele zikizunguka.

"Chukueni Kolkata nzima," alisema, "halafu kila nyumba muiwekee mshale juu ya paa. Mshale unatazama juu au chini, basi. Na kila nyumba inachungulia majirani zake wa ubavuni tu. Ikiona wengi wako juu, nayo inatamani kuwa juu."

"Huo si ndio mtaa wetu!" alidakia Gobindo wa duka la dawa. "Mke wa Ghosh akisema asubuhi samaki wa leo wameoza, jioni mpaka Shyambazar watu wanakula mboga."

"Na wewe ndiye unayewapelekea habari," Pishima alimwambia.

"Joto likiwa kali," Haimanti aliendelea baada ya vicheko, "kila nyumba inajifanyia lake. Likipoa, mji mzima unaelekea upande mmoja, na hapo ndipo chuma kinapokuwa sumaku. Sisi tunatafuta lile joto lenyewe ambapo mambo yanageuka."

Kwa mji ulio bapa, jibu lilikwisha kupatikana zamani. Kwa mji wenye ghorofa juu ya ghorofa, nyumba zimebebana kama machungwa ya muuza matunda, hakuna mtu duniani aliyekuwa nalo. Lililowezekana ni kulisogelea. Unahesabu ni kwa njia ngapi mtu anaweza kutoka nyumbani kwake, apite vichochoro vitatu arudi alipoanza bila kupita kichochoro kimoja mara mbili, halafu vinne, halafu vitano. Kila namba mpya inakusogeza hatua moja. Na kila namba mpya ni kubwa mno kuliko iliyotangulia, hivi kwamba unachora maumbo mpaka ndotoni, na ukisahau umbo moja tu, kazi yote imeharibika.

Kwa hiyo walihesabu wawili, kila mtu peke yake. Subimal chumbani kwake karibu na taasisi alikofanyia kazi, Haimanti kwenye meza ya chakula. Hawakuonyeshana daftari, hawakuulizana, hata kudokezana walikatazana. Akimaliza mtu anaandika namba yake, anaitia kwenye bahasha, anamkabidhi Pishima. Pishima anaziweka kwenye kijumba cha miungu, chini ya kombe la baharini la kupuliza, na Jumamosi anazisoma mbele ya watu tarakimu moja moja kama muuza bahati nasibu. Zikilingana, nyumba inalipuka: makombe yanapulizwa, wanawake wanapiga vigelegele, vitamu vya sukari guru vinatoka. Zikigongana, watu wanarudi makwao wameinamisha vichwa kama waliofiwa.

Zilikuwa zimegongana mara moja tu, kwenye namba ya kumi. Walirudia hesabu miezi miwili, ikaonekana aliyekosea ni Subimal. Pishima alimzomea msimu mzima. "Mkwe gani huyu hajui kutoka nyumbani akarudi? Tuku, ukishaolewa mfunge kengele." Tuku ndilo jina la nyumbani la Haimanti. Subimal alicheka kuliko wote, akasema mbele za watu, "Pishima, ndiyo maana nampenda. Katika dunia nzima huyu peke yake ndiye asiyenifuata."

Haimanti aliikumbuka kauli hiyo baadaye, mara nyingi mno.

Namba ya kumi na mbili iliwala miezi kumi na minne. Walikuwa wamechumbiana miaka mitano, na mama yake Subimal, kule Krishnanagar, alikwisha kusema lake: mwanangu haoi kabla ya kupata cheo cha maana. Cheo kilikuwa kimetangazwa. Usaili ulikuwa Jumatano, siku chache kabla ya sikukuu ya Durga. Akiwa na namba ya kumi na mbili mkononi, hakuna ambaye angemshinda. Mji mzima ulijua hivyo, yaani Gobindo alijua.

Ijumaa kabla ya ufunguzi mvua ilinyesha ya kufunga barabara. Subimal alifika mchana kuleta bahasha yake, kalowa chapachapa, homa inamtetemesha. Pishima akamlaza kwenye kitanda cha ukumbini, akamfunika mablanketi mawili, akaenda kuchemsha tangawizi. Haimanti alichukua mfuko wa kitambaa wa Subimal ili aukaushe. Bahasha ilikuwa ndani, gundi imeachia, wino wa bluu umeanza kuvuja kwenye karatasi.

Hakuwa na nia mbaya. Aliitoa karatasi kwa ncha za vidole aitandaze karibu na jiko kabla miezi kumi na minne haijawa doa. Na macho hayana pazia. Namba ya Subimal ilikuwa pungufu ya kwake kwa ishirini na nne.

Alisimama pale, joto la jiko likimpiga usoni. Anayehesabu maumbo akiona tofauti ya ishirini na nne anaelewa papo hapo: ni umbo moja, umbo moja tu ambalo linaweza kugeuzwa kwa sura ishirini na nne. Ama yeye amelihesabu mara mbili, ama Subimal amelisahau. Kujua ni nani kulitaka warudie hesabu, miezi mitano kwa uchache. Usaili upite, cheo kiende kwa mwingine, mwezi wa Phalgun, baridi inapokwisha, upite pamoja na harusi iliyokwisha kutajwa kwa mpishi.

Alifungua daftari lake. Alipekua maumbo mpaka akapata moja lililofanana na jingine, akalitazama, akalitazama tena, akajiambia: hili ndilo nililorudia. Nilikuwa nimechoka. Yeye hawezi kukosea mara mbili. Alilikata kwa mstari mmoja wa kalamu. Kisha akapanda kwenye kijumba cha miungu, akainua kombe, akatoa bahasha yake, akaweka nyingine yenye namba mpya, na pembeni yake ile ya Subimal iliyokwisha kukauka.

Jumamosi Pishima alisoma tarakimu za kwanza, akasoma za pili. Zililingana zote. Vigelegele vilisikika mpaka kituo cha tramu. Subimal, macho mekundu kwa homa, alimtazama Haimanti kutoka upande wa pili wa ukumbi, na yeye akatabasamu, akaenda jikoni kuleta vitamu.

Cheo alikipata.

Barua ilikuja mwezi wa Poush, mwezi usiofungwa ndoa, baridi imeshika na wanaume wote wamevaa kofia za sufu zinazofunika masikio. Ilitoka London, kwa watu wenye kompyuta. Subimal aliingia nayo Jumamosi, akaisoma kwa sauti barazani akitafsiri palepale. Walikuwa wameipokea makala ya Subimal na Haimanti yenye namba zote kumi na mbili, wanaipongeza, namba kumi na moja za kwanza mashine yao bado haijazipitia, walianza na ile ya mwisho kwa majaribio. Kwa masikitiko, walipata zaidi. Ishirini na nne zaidi.

Haimanti alikuwa amebeba sinia la bilinganya za kukaanga. Aliliweka chini taratibu sana.

"Sasa ajabu yenyewe," Subimal alisema, na macho yake yaling'aa, "si kwamba tumekosea. Watu hukosea. Ajabu ni kwamba tumekosea sawasawa! Vyumba viwili, madaftari mawili, hatujaonana, na wote tumesahau umbo lilelile."

"Mapenzi hayo!" Gobindo alipiga kelele. "Mpaka makosa wanafanya wawili! Pishima, waozeshe leoleo hata kama ni Poush!"

Watu wakaangua kicheko. Mtu akapuliza kombe. Haimanti akapigwa mgongoni, akapewa kitamu mdomoni kwa nguvu, na yeye akatafuna kwa sababu mdomo uliojaa hauulizwi maswali. Angeweza kuendelea kutafuna hivyo hivyo hadi Phalgun. Hakuna ambaye angejua.

Lakini alimsikia Subimal, watu walipoanza kuondoka, akimwambia Pishima kwa sauti ya chini. "Nitaandika kuiondoa makala. Yote."

"Kwa namba moja?"

"Kama watu wawili wasioonana wanaweza kusahau kitu kilekile, Pishima, basi njia yetu haina maana. Na zile kumi na moja zimepita kwa njia hiyo hiyo. Siwezi kuapa kwa hata moja. Na cheo nitakirudisha, maana nilipewa kwa ajili yake."

Miaka saba ya kuhesabu. Haimanti aliisikia ikiachwa kama mtu anayesema atatupa gazeti la jana. Na aliyejua kwamba njia yao haikuwa na kasoro yoyote, kwamba kasoro ilikuwa binti mmoja aliyesimama karibu na jiko, alikuwa ni yeye peke yake.

Asubuhi ya Jumapili Pishima alikuwa ameanika vidonge vyake vya unga wa dengu, vya kutia mchuzini, juu ya paa bapa, kwenye shuka jeupe, mistari kwa mistari, kila kimoja na ncha yake. Viwili vya kwanza vilikuwa vikubwa kuliko vingine: bwana na bibi, kama ilivyo desturi, wamepakwa rangi nyekundu kichwani na kuwekewa majani mabichi. Haimanti alikaa hapo na fimbo, anafukuza kunguru. Subimal alipopanda, na shali yake begani na rasimu ya barua mkononi, hakumwacha hata aketi.

"Usiipeleke hiyo," alisema. "Niliiona ya kwako."

"Uliona nini?"

"Karatasi yako. Ijumaa ile ya mvua. Ilikuwa imelowa, nikaitoa niikaushe. Yangu ilizidi ishirini na nne. Nikabadilisha yangu."

Subimal alicheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha akamwangalia usoni, na kicheko kikafa.

"Ulikuwa umepata sawa," alisema.

"Nilikuwa nimepata sawa."

"Ukafuta."

"Nilidhani huwezi kukosea tena."

"Namba ya kumi nilikosea. Ni nani aliyenionyesha?"

Kunguru alitua ukingoni mwa paa, akasogea, hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo njia yetu ni nzima," Haimanti alisema, maneno yakimtoka mbiombio, maana hilo ndilo lililomleta. "Hatukusahau wote. Ulisahau wewe tu. Zile kumi na moja ni safi, Subimal, huna haja ya kuondoa chochote. Rekebisha hiyo moja, basi. Sikuangalia hata mara moja nyingine. Naapa kwa roho ya baba."

"Nakuamini," alisema upesi.

Haimanti alimwinulia uso. Lakini Subimal alikuwa ameinama, anavitazama vidonge vya dengu kama anayevihesabu.

"Mimi nakuamini," alirudia, polepole sasa. "Ila kwenye karatasi siwezi kuandika kwamba nakuamini. Kwenye karatasi tuliandika kwamba wawili walihesabu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Zote kumi na mbili zilisimama juu ya hilo. Zitabidi zirudiwe."

"Nitazirudia mimi. Nitaanza leo."

"Si na wewe."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomkata. Angepiga kelele angalau wangegombana, na wagombanao hupatana. Mtaani kwao watu waligombana Jumatatu wakaazimana chumvi Jumanne.

"Wewe ulikuwa na kazi moja tu, Haimanti. Usinifuate. Wanafunzi wangu wananifuata, mama ananisifia hata nikipiga chafya. Nikikuangalia wewe nilikuwa najua: hapa kuna mtu ambaye, nikipotea, atabaki alipo, nami nitamwona."

"Nilitaka tuoane." Sauti yake ilikatika katikati. "Ilikuwa miaka mitano. Nilitaka tuoane basi."

"Najua." Macho yake yalikuwa na maji. "Mimi nilitaka zaidi yako."

"Na Phalgun?"

Chini, Pishima alikuwa akimgombeza muuza samaki.

"Nitakuuliza kama chai imekolea sukari," Subimal alisema mwisho, "na utasema ndiyo. Na mimi kila siku nitakaa najiuliza hiyo ndiyo ni yako, au umechungulia yangu kwanza."

Aliikunja ile rasimu mara nne, akaitia mfukoni, akashuka. Kunguru alirukia kwenye shuka akanyakua kile kidonge kikubwa cha bwana. Pishima alipopanda alimkuta Haimanti ameshika fimbo, na kwenye mstari wa kwanza amebaki bibi peke yake.

"Tuku! Wewe umekaa hapa kufanya nini?" alianza kufoka. Kisha akauona uso wa binti wa kaka yake, akaacha, akaketi sakafuni karibu naye na magoti yake mabovu, akamkumbatia kichwa.

Watu walisema mengi. Walisema mama wa Krishnanagar ametaka akina Sanyal watoe mahari ya saa ya dhahabu, walisema nyota hazikulingana, walisema kuna mwanamke London anayeandika barua. Gobindo alikuwa na habari tatu tofauti, na zote aliziamini. Haimanti hakumsahihisha yeyote. Subimal alirudisha cheo, akaenda kufundisha katika mji mdogo wa kaskazini, na ikasikika kwamba anahesabu upya toka namba ya kwanza, akisaidiwa na karani mstaafu wa posta aliyechorewa kanuni na asiyejua hata zile namba ni za nini. Mwaka wa pili Gobindo alileta habari kwamba ameoa, msichana wa Krishnanagar, mwezi wa Magh. Hiyo ilikuwa kweli.

Jumamosi ziliendelea. Watu walijaa kama zamani, chai ikanywewa, mke wa Ghosh akasemwa. Ila Haimanti alianza kukaa karibu na mlango, na mwezi mmoja akaanza kuufunga mapema, na hakuna aliyemuuliza.

Ilikuwa mwaka wa nne, msimu wa sukari guru, tarishi alipoleta kadi ya posta. Haikuwa na jina la Haimanti. Ilikuwa ya Pishima. Upande mzima umejaa namba, mwandiko mdogo uliosimama wima, ambao Haimanti angeutambua hata kwenye giza.

Pishima aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Alipiga kijiko kwenye sahani, kama zamani, na watu wakanyamaza bila kuambiwa.

Alisoma ya kwanza, tarakimu moja moja. Alipomaliza, Haimanti, toka pale alipokuwa mlangoni, aliitamka ya kwake bila daftari. Zililingana. Pishima alisoma ya pili. Haimanti akatamka. Ya tatu. Ya nne. Kwenye ya kumi watu walibana pumzi, na hiyo nayo ikalingana. Ya kumi na moja ilikuwa ndefu, Pishima alipotea katikati ikabidi aanze tena, na Haimanti akamngojea, kisha akaisema yote, polepole, mpaka tarakimu ya mwisho.

Zote kumi na moja zilikuwa safi. Hakuwa amechungulia hata moja. Sasa ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi.

"Kuna maneno chini," Pishima alisema. "Anasema: ya kumi na mbili ni ile uliyoifuta."

Hapo ndipo vigelegele hupigwa. Wanawake walitazamana, na mmoja alikwisha kufungua mdomo, akaufumba. Kombe lilikuwa juu ya meza, karibu na mkono wa Gobindo, na Gobindo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, alilisogeza kando kidogo asije akaliangusha.

"Tuku," Pishima aliita. "Njoo uichukue basi. Ni yako."

Haimanti alivuka ukumbi, watu wakimpisha magoti, akaipokea kadi kwa mikono miwili. Hapakuwa na anwani ya kujibia. Alipanda nayo ngazi mpaka kwenye kijumba cha miungu, akaiweka pale zilipokuwa zinawekwa bahasha mbili mbili.